Lulu kubwa haitamkomboa Feruzi

"Shikamoo, Mwalimu. Naishi Tanga na naandika riwaya yangu ya kwanza. Bibi yangu, aliyezaliwa 1938, ametulea na kisa cha mdogo wake babu yake: alichukuliwa na jahazi kutoka Kilwa akiwa mtoto, akaishia Ghuba ya Uajemi, huko akawa mzamia lulu, na habari zake zikakatika. Mimi nimemwita Feruzi. Katika mswada wangu anaibwa Kilwa mwaka 1920, anauzwa Bahrain, anakuwa mzamiaji hodari anayekaa chini ya maji dakika tano. Sura moja nimemvalisha ile kofia ya shaba yenye mpira wa hewa, na rafiki yake anapooza miguu kwa kupanda juu haraka. Nahodha ni katili, na nyuma yake yuko gavana Mwingereza. Mwishoni Feruzi anapata lulu kubwa kama yai la njiwa, anaiuza, anajikomboa, anarudi Kilwa. Msomaji wangu wa kwanza amesema mwisho hauaminiki, ila hakueleza kwa nini. Nibadilishe? Na Kiarabu nikiweke kiasi gani? Ili niandike kwa ukweli, nimeanza kwenda Raskazone asubuhi peke yangu kujifunza kubana pumzi ndani ya maji. Nimefika dakika moja na nusu. Mjomba wangu naye anasema kisa hiki kitautia ukoo aibu. Nisaidie."

Marahaba, mwanangu. Nimesoma barua yako mara mbili, na kabla ya kumgusa Feruzi nataka tuzungumze juu yako wewe. Usizame tena peke yako. Sikukatazi bahari, nakukataza upweke. Kinachomfanya mtu atamani kuvuta pumzi akiwa chini ya maji si kupungua kwa oksijeni. Ni kaboni dioksaidi inayojaa kwenye damu, na ubongo ukiiona imezidi ndipo unapopiga kelele. Wengi wanaojifundisha wenyewe hupumua harakaharaka kabla ya kuzama wakidhani wanajaza oksijeni, kumbe wanaitoa ile kaboni dioksaidi. Kelele ya ubongo inachelewa, na huku nyuma oksijeni inaendelea kwisha. Mtu anazimika ghafla bila maumivu yoyote, mara nyingi akiwa njiani kupanda, amebakiza mita chache tu, na asipokuwepo wa kumdaka ndiyo basi. Tafuta mwalimu wa kuzama, au nenda na wavuvi wanaoijua bahari ya hapo Tanga, na mmoja wao abaki juu akikutazama wewe na si kitu kingine. Sikio likiuma, likitoa maji, au ukisikia kizunguzungu, nenda kwa daktari wa masikio. Usitie matone ya kubahatisha.

Nimeanza hapo kwa sababu nyingine pia. Katika mswada wako Feruzi anashuka peke yake kama wewe unavyofanya Raskazone, na hilo ndilo kosa la kwanza. Mzamiaji wa Ghuba hakushuka peke yake hata siku moja. Kila mzamiaji, ambaye wenyewe walimwita ghaisi, alikuwa na mwenzake juu ya chombo, saibu, aliyeshika kamba yake. Hebu tumtazame kwa karibu. Feruzi yuko majini, ameshika kamba mbili. Moja ina jiwe la kama kilo tano, amepitisha unyayo kwenye kitanzi chake. Nyingine imefungwa kikapu cha wavu anachokivaa shingoni au kiunoni. Vidole vyake vimevikwa ngozi ili vipande vya miamba na magamba visimchane. Anavuta pumzi, anabana pua kwa kibano kidogo cha pembe au gamba la kasa kinachoning'inia shingoni kwa uzi, saibu anaachia kamba, na jiwe linamteremsha. Likigusa chini anatoa mguu, jiwe linavutwa juu palepale, naye anabaki na pumzi yake na kamba moja. Anatambaa, anang'oa chaza, anatupia kikapuni. Pumzi ikikaribia kwisha anaitikisa kamba. Kuanzia hapo maisha yake yamo mikononi mwa mtu mwingine, na mtu huyo mikono inauma, jua limemchoma tangu alfajiri, labda jana usiku waligombana.

Hicho kibano cha pua kieleze vizuri, kwa sababu wasomaji wengi watadhani ni cha kuzuia maji tu. Kila mita 10 za maji zinaongeza mgandamizo sawasawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu tukiwa nchi kavu. Kwa hiyo ukifika mita 10, hewa uliyoshuka nayo mapafuni imebanwa hadi nusu. Mita 20 imebaki theluthi. Masikio ndiyo yanayolipa kwanza, tangu mita tatu au nne, usipoyasawazisha kwa kusukuma hewa huku pua imefungwa. Kibano kinamfungia pua, mikono inabaki huru kwa kazi. Na rangi nayo: maji yanaimeza nyekundu kabla ya rangi nyingine zote. Akikatwa kidole kule chini, damu yake ataiona kama ina ukijani au weusi, na itakuwa nyekundu tena akitoka juu. Jambo dogo kama hilo litamshika msomaji kuliko papa watatu.

Dakika tano ziondoe. Walizama aghalabu kwenye kina cha mita 10 hadi 20, wakakaa kama dakika moja, hodari wao dakika moja na nusu hivi. Wewe mwenyewe umefika hapo! Ila wewe umefika mara moja, umetulia, umepumzika vya kutosha. Yeye alirudia makumi ya mara kwa siku, pengine 50 au zaidi, tumbo likiwa na kahawa na tende chache tu, maana mlo wa wali na samaki ulingoja jua lizame, kwa miezi kama minne ya joto, kuanzia Juni hivi hadi Septemba. Uhodari wa Feruzi usiupime kwa mzamo mmoja mrefu. Upime kwa ule wa arubaini wa siku ya themanini.

Kofia ya shaba nayo ni ya bahari nyingine kabisa. Nadhani umeiona kwenye picha za Broome, Australia Magharibi, ambako wazamiaji, wengi wao Wajapani, walivaa suti nzito na kupelekewa hewa kwa pampu, wakitafuta hasa magamba ya chaza ya kutengenezea vifungo vya nguo. Kule ndiko kulikokuwa na ugonjwa wa kupooza uliompa rafiki yake Feruzi. Mtu akipumua hewa iliyogandamizwa kwa muda mrefu kule chini, naitrojeni inayeyuka mwilini mwake. Akipanda haraka inatoka kwa mapovu kama soda iliyofunguliwa, ndani ya mishipa na maungo. Wajapani waliozikwa pale Broome ni zaidi ya 900. Majahazi ya Ghuba hayakufanya kazi kwa mashine hizo. Mtu alishuka na pumzi yake tu. Kwa hiyo mwondolee rafiki huyo kupooza, mpe viwambo vya masikio vilivyopasuka, macho yanayowaka kwa chumvi, ngozi iliyochanika isiyopona, fizi zinazotoka damu kwa kiseyeye. Yavuyavu walikuwa adui mkubwa kiasi kwamba wakizidi watu walivaa nguo za pamba mwili mzima. Huhitaji zaidi ya hayo.

Sasa miaka. Feruzi kuibwa Kilwa 1920 ni kuchelewa mno. Wakati huo Kilwa imeshapita mikononi mwa Wajerumani na kuingia kwa Waingereza, na biashara ya kuvusha watu kwa majahazi kutoka pwani yetu imekwisha. Waliouzwa Ghuba katika miaka hiyo walitoka zaidi Baluchistan. Lakini bibi yako amekupa jibu bila wewe kuliona. Kama yeye kazaliwa 1938, babu yake alizaliwa kwenye miaka ya 1880, na mdogo wake babu huyo kachukuliwa karibu na 1895. Hapo kila kitu kinakaa sawa. Masoko ya watumwa Zanzibar yalifungwa kwa mkataba wa 1873, lakini watoto waliendelea kupakiwa kwa hila kwa miaka mingi baadaye. Majahazi ya Sur, Oman, yalikuwa yakipeperusha bendera ya Ufaransa ili manowari za Kiingereza zisiyapekue, hadi kesi ya bendera hizo ikafika kwenye mahakama ya usuluhishi ya The Hague na kuamuliwa 1905. Mtoto wa miaka minane anaambiwa panda utazame jahazi, kusi inavuma, nanga inang'olewa. Naye mwaka 1930 ni mtu wa miaka arubaini na ushei, mzee kwa kazi ile, masikio yamekufa nusu. Mimi Feruzi huyo nampenda kuliko kijana wako wa miaka ishirini.

Gavana Mwingereza mtoe. Bahrain haikuwa koloni kama Kenya. Mtawala alikuwa sheikh, na Waingereza walimbana kwa mikataba, ule wa 1861 na mingine ya 1880 na 1892, iliyomkataza kushughulika na dola nyingine bila idhini yao. Mwakilishi wao mkuu kwa Ghuba nzima alikaa Bushehr, upande wa Uajemi, na wakubwa wake walikuwa serikali ya India. Ndiyo maana fedha ilikuwa rupia, rupia ileile iliyozunguka Zanzibar. Kwenye kisiwa chenyewe kulikuwa na wakala wa siasa mmoja, ofisi, bendera na manowari inayokuja na kuondoka. Lakini usidhani huo ni ukoloni mwepesi. Mwaka 1923 Waingereza walimlazimisha Sheikh Isa bin Ali kumwachia madaraka mwanawe Hamad, na mwaka 1926 akaja mshauri wao, Charles Belgrave, aliyekaa pale hadi 1957. Msomaji wako anatakiwa ausikie ukoloni huo kama Feruzi alivyousikia: bendera anayoiona kwa mbali akiwa baharini, na ambayo watu wanaiongelea kwa sauti ya chini.

Nije kwenye lulu yako. Msomaji wako wa kwanza alisema kweli, na sababu si ukubwa wa lulu. Ni kwamba Feruzi hakuwa na lulu. Chaza walizozoa mchana zilimwagwa sitahani lundo moja, za wazamiaji wote pamoja, zikalala hapo usiku kucha. Alfajiri, kabla ya kuzama, watu walikaa duara na visu, wakazifungua mbele ya macho ya nahodha. Kilichoonekana kilikwenda kwake. Hakuna aliyejua gamba lile lilitoka kikapuni mwa nani. Lulu ikawa ya chombo, ikasubiri mnunuzi, tawashi, aliyekuja kwa mashua yake na mizani, vichungio vya shaba vilivyotobolewa matundu ya ukubwa mbalimbali, na kitambaa chekundu cha kuifunga. Tawashi naye akaipeleka Bombay, na kutoka huko huenda ikafika Paris. Mwisho wa msimu mauzo yakajumlishwa, chakula kikatolewa, fungu la chombo likatolewa, kilichobaki wakagawana kwa hisa, kwa kawaida ghaisi hisa tatu na saibu mbili. Na kama ghaisi ni mtumwa, hisa yake alikuja kuichukua bwana wake.

Kwa hiyo fikiria lulu ile ya yai la njiwa ikitoka kwenye gamba alfajiri. Waliokaa duara wanashtuka, nahodha anaitia kinywani kuisafisha au anaifunga kwenye kitambaa, na Feruzi ameshika kisu akitazama. Pengine anaamini ni yeye aliyeileta, kwa sababu jana aling'oa chaza mmoja mahali pagumu akaumia kiganja. Hawezi kuthibitisha. Hawezi hata kusema. Ukiiandika sura hiyo vizuri, lulu yako kubwa itabaki riwayani, na hutaifuta. Itahama tu kutoka sura ya mwisho kuja katikati.

Kilichomshika mtu Ghuba hakikuwa mnyororo, na kwa walio wengi hakikuwa hata umiliki. Lilikuwa deni. Wazamiaji wengi walikuwa watu huru, Waarabu, Waajemi, Wabaluchi, wakikaa jahazi moja na watumwa. J. G. Lorimer, afisa wa serikali ya India, alikadiria mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba pwani ya Uarabuni peke yake ilikuwa na vyombo vya lulu kama 4,500 na watu karibu 74,000. Kabla ya msimu nahodha aliwapa fedha ya mbele ili waache chakula nyumbani. Msimu ukiwa mbaya, mgawo haukufika hata fedha ile, tofauti ikaandikwa daftarini. Miezi ya kupumzika wakakopeshwa tena. Daftari aliliandika nahodha na kulisoma nahodha, na mzamiaji hakujua kusoma. Alipokufa, watoto wake waliambiwa baba yenu ameacha kiasi fulani, wakapanda chomboni.

Na sasa nikuonyeshe neno ambalo naamini ndilo ufunguo wa riwaya yako. Mzamiaji aliyetaka kuhamia kwa nahodha mwingine alihitaji karatasi kutoka kwa yule wa kwanza inayosema anadaiwa kiasi gani au hadaiwi kitu. Nahodha mpya hakuweza kumchukua bila kulibeba deni hilo. Karatasi hiyo waliiita barwa. Ni neno lilelile tunalolitumia mimi na wewe kila siku, barua. Mwandishi wa lugha nyingine atalazimika kulieleza kwa ukurasa mzima. Wewe unaweza kuandika tu, "Feruzi hakuwa na barua," na msomaji wa Kiswahili atahisi kitu kabla hata hajajua ni barua gani.

Baada ya barwa kuna karatasi ya pili. Mtumwa aliyefanikiwa kufika kwenye ofisi ya Waingereza, iwe Bahrain, Sharjah, Muscat au Bushehr, aliweza kuomba hati ya uhuru. Wengine walikwenda moja kwa moja kuukumbatia mlingoti wa bendera. Karani alimhoji: umezaliwa wapi, ulichukuliwaje, na nani, una umri gani, bwana wako nani, kwa nini umetoroka. Nimekaa na maelezo hayo muda mrefu na kila mara nalazimika kuyaweka chini kidogo. Ni maisha mazima ya mtu katika nusu ukurasa, kwa Kiingereza cha karani, na ndani yake Zanzibar, pwani yetu, jina la mama, kisha jahazi. Lakini maafisa walikuwa wepesi kushuku kwamba anayeomba uhuru anakimbia deni. Ndiyo kusema mtu aliweza kuwa na hati ya uhuru mfukoni na bado jina lake liko kwenye daftari. Karatasi moja inamfungua, nyingine inamrudisha baharini. Mwisho wako uko katikati ya karatasi hizo mbili.

Umeniuliza ubadilishe au la. Badilisha, na naona njia tatu. Ya kwanza, Feruzi anatoroka, anafika kwenye bendera, anapata hati, riwaya inafika kikomo hapo au kwenye nahodha anayefunua daftari. Hii ndiyo safi kuliko zote na ndiyo rahisi kwa mwandishi wa mara ya kwanza. Ubaya wake ni kwamba Mwingereza anaweza kuonekana mkombozi, na utafanya kazi ya ziada kuonyesha kuwa ofisi ileile iliwaacha maelfu walipokuwa. Utumwa Bahrain haukupigwa marufuku hadi 1937. Ya pili, unahamisha kilele hadi 1932. Bei ilikuwa imeanguka. Japani, Kokichi Mikimoto na wenzake walikuwa wamejua kumfanya chaza atengeneze lulu kwa kumtia punje, na lulu hizo zilipofika masoko ya Ulaya miaka ya 1920 wafanyabiashara walipigwa butwaa. Kisha 1929 matajiri wa Marekani na Ulaya wakafilisika. Bahrain serikali ilikuwa imeanza kuweka utaratibu: kila mzamiaji awe na daftari lake, fedha ya mbele iwekewe kikomo. Kwa karatasi ni haki. Lakini mzamiaji mwenye watoto wenye njaa alichokiona ni kwamba mkopo wake umepunguzwa, na mwaka 1932 wakaandamana hadi mjini Manama, risasi zikapigwa. Mwaka huohuo mafuta yakapatikana Jebel Dukhan, kilima cha hapohapo Bahrain. Kwa mwandishi ni hazina, ila inahitaji utafiti mkubwa na wahusika wengi zaidi ya ulio nao. Ya tatu, Feruzi harudi. Anabaki, anaoa, anazeeka Muharraq, mji wa lulu wa Bahrain, na Kilwa ni kitu anachokiimba.

Mimi nakupendekezea ya tatu ikiwa na hati ya njia ya kwanza ndani yake. Kwa sababu ndivyo bibi yako alivyokuhadithia: habari zake zilikatika. Ukimrudisha Kilwa unampa bibi faraja ambayo maisha hayakumpa, naielewa hamu hiyo, lakini walio wengi hawakurudi. Walibaki, wakawa watu wa huko. Katika Ghuba na Oman hadi leo kuna ngoma iitwayo lewa, na ngoma zake zinaitwa msondo na chapuo, na kwenye nyimbo zake yamo maneno ya Kiswahili ambayo waimbaji wengine hawajui tena maana yake. Wazia mjukuu wa Feruzi akiimba neno la Kilwa asilolielewa.

Nahodha usimfanye shetani. Ukatili ulikuwepo na usiufiche. Lakini yeye naye alikopa kwa tawashi au tajiri, tajiri naye akadaiwa Bombay, na bei ikianguka Paris shoka linashuka ngazi kwa ngazi hadi linamfikia mtu aliyeshika jiwe mguuni. Nahodha anayempenda Feruzi kweli, anayemuuguza akiumwa, na bado usiku anakaa na taa kuongeza tarakimu kwenye daftari, huyo atatisha zaidi ya mwenye bakora.

Kuhusu Kiarabu, tumia kidogo sana, na usiogope. Kiswahili chetu kimekaa melini muda mrefu. Nahodha, sambuki, tanga, lulu, deni, daftari, rupia, hesabu, hayo yote msomaji wako anayo tayari. Maneno machache ya kazi kama ghaisi na saibu yafundishe mara moja kwa tendo, bila tafsiri pembeni. Kuna desturi moja ya wanawake wa Ghuba inayofaa kwa hili. Msimu ukichelewa kwisha walishuka ufukweni, wakaipiga bahari kwa makuti yanayowaka moto, wakamchovya paka majini, huku wakiiamrisha bahari itubu iwarudishe waume na wana wao. Neno lenyewe walilolitamka ni tub. Itubu! Ukiandika hivyo hakuna haja ya kutafsiri chochote.

Ongeza mambo mawili, maana yanaingia kirahisi. Maji ya kunywa yalikuwa machache mno, lakini chini ya bahari ya Bahrain kuna chemchemi za maji baridi, na wazamiaji walishuka na viriba kuyajaza palepale yanapobubujika, maji matamu katikati ya chumvi. Na nyumba za wafanyabiashara wa lulu Muharraq ziliezekwa kwa boriti za mikoko zilizoletwa na majahazi kutoka pwani yetu, nyingi kutoka delta ya Rufiji. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Feruzi akilala chali nyumbani kwa bwana wake, juu yake kuna miti iliyokatwa jirani na Kilwa.

Mwisho, mjomba. Usimpuuze na usimtii moja kwa moja. Aibu anayoiogopa ipo, watu bado wanatazamana kwa nasaba, na huenda wako wajukuu wa mtu huyo Ghuba leo ambao hawajawahi kusema neno mtumwa ndani ya nyumba zao. Badilisha majina yote na mahali pa nasaba, hilo lifanye bila kujadili. Kisha nenda ukakae naye, usimtumie ujumbe wa simu. Mpelekee sura ya kwanza iliyochapwa, umsomee. Na kama ukitaka kutumia jina halisi la ukoo, wakae wazee wote kwanza, na wakikataa uache.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kukusaidia kwa maandishi. Nenda Unguja, Nyaraka za Taifa pale Kilimani, ukakae na watu wanaozijua faili. Mafaili mengi ya Waingereza wa Ghuba yamewekwa pia bure kwenye intaneti na maktaba ya taifa ya Qatar kwa kushirikiana na British Library. Ukipata nauli, tembea ile njia ya lulu ya Muharraq iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2012, na Doha uingie nyumba ya Bin Jelmood, jumba la makumbusho linalosimulia utumwa bila kuuficha. Mswada ukikamilika, mtafute mtu aliyekulia Bahrain au Kuwait ausome. Kuna makosa ambayo mwenyeji tu ndiye atayaona.

Lakini kabla ya safari yoyote, wiki hii, chukua simu yako uende kwa bibi umrekodi. Usimpe maswali ya riwaya. Feruzi ni jina la kito, kama Almasi, Yakuti na Marjani. Ndiyo aina ya majina waliyopewa watu na mabwana zao. Umelichagua vizuri, lakini mtoto aliyepanda jahazi lile hakuitwa hivyo na mama yake. Muulize bibi kama babu yake aliwahi kulitaja jina la mdogo wake.